Hasira kwenye meza ya poka: mwongozo kamili wa kuizuia isikuchezee karata

Mchezaji wa poka aliyekasirika si lazima umsikie. Phil Hellmuth anajulikana kwa kulalamika, kuinuka kitini na kumsema mbele ya watu kila aliyemla kwa bahati. Mtu huyo huyo alitwaa taji kuu la World Series of Poker mwaka 1989 akiwa na miaka 24, na kufikia 2023 alikuwa na bangili 17 za mashindano hayo, yaani tuzo anazopewa mshindi wa kila shindano, ambayo ni rekodi. Mdomo unachemka, lakini karata mbaya anazitupa. Wa kuogopa ni yule aliyekaa kimya na uso mkavu, ndani amenuna, akianza kulipa madau ambayo saa moja iliyopita angeyakataa bila kufikiri.

Hali hiyo wachezaji wanaiita tilti. Watu wengi hudhani ni kutupa karata kwa kishindo au kuweka chipu zote kwa hasira. Hiyo ipo, ila inaonekana, na kinachoonekana hukemewa. Mwongozo huu unahusu zaidi ile ya kimya, maana ndiyo inayomaliza mtaji wa watu ambao wangeapa kwamba hawana tatizo la hasira.

Mifano yote ni ya Texas Hold'em, poka ambayo kila mchezaji ana karata mbili za siri na tano za wote hufunguliwa mezani, kwenye meza ya pesa isiyo na kikomo cha dau. Blaindi ni madau ya lazima ambayo wachezaji wawili huweka kwa zamu kabla ya karata kugawiwa, moja dogo na moja kubwa maradufu. Mahesabu ni kwa blaindi kubwa, ili yamfae aliye kwenye meza ndogo na aliye kwenye meza kubwa.

Kwanza, hasira inagharimu kiasi gani

Tuseme poti, yaani fungu lililo katikati ya meza, ina blaindi 40. Karata ya mwisho imefunguliwa na mpinzani ameweka 20. Unatakiwa kulipa 20 ili upate nafasi ya kula 60. Ili malipo hayo yasikutie hasara, lazima uwe mbele angalau mara 25 kati ya 100. Kichwa chako kinajua kwamba mpinzani huyu akiweka dau hapa, wewe uko mbele kama mara 10 tu. Lakini dakika tano zilizopita ndiye aliyekula poti yako kwa karata ya bahati, na kuna sauti inayosema, "Haiwezekani awe nazo tena." Unalipa.

Hesabu ya uamuzi huo ni hasara ya wastani wa blaindi 12. Mchezaji mzuri anayeingiza blaindi 5 kwa kila migao 100 anahitaji migao 240 kuzirudisha. Ukiwa umekaa kwenye meza halisi inayogawa kama mara 30 kwa saa, hiyo ni kazi ya saa nane. Hakuna aliyepiga kelele wala aliyekuona, pengine hata wewe mwenyewe hukuona, na saa nane za kucheza vizuri zimekwenda kwa dau moja ulilolipa.

Hatua ya 1: Zizoee namba kabla hazijakuuma

Sehemu kubwa ya hasira ya poka hutokana na matarajio ya uongo. Mtu akishika A mbili, mpinzani akiwa na K mbili, chipu zote zikaingia kabla ya flopu, yaani karata tatu za kwanza za mezani, anahisi poti ni yake. Kwa kweli ni yake mara 82 kati ya 100. Zile 18 zimo ndani ya mchezo tangu mwanzo. Ukikutana na hali hiyo mara tano, uwezekano wa kushinda zote tano ni asilimia 37 tu. Maana yake ni kwamba kuliwa angalau mara moja ndilo jambo la kutarajia, tena ukiwa na karata bora kuliko zote.

Zingine za kushika kichwani: mtu anayesubiri karata moja ya kukamilisha tano za aina moja (kwa mfano kopa tupu), akiwa amebakiwa na kufunguliwa karata mbili, anaipata takriban mara 35 kati ya 100. Aliyebakiwa na karata mbili tu za kumwokoa kati ya 44 zisizoonekana, ikiwa imebaki kufunguliwa moja, anaipata kama mara moja kati ya 22. Kwa mtu anayecheza kila wiki, mara moja kati ya 22 si muujiza. Na yapo yanayozidi hayo: kwenye mashindano makuu ya World Series of Poker ya 2008, Motoyuki Mabuchi alikuwa na A zote nne akafungwa na Justin Phillips, aliyekuwa na mfuatano wa juu kabisa wa aina moja, ule usiofungika. Mabuchi hakukosea chochote.

Namba inayosaidia kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ya muda mrefu, na ndiyo isiyosemwa sana. Mchukue tena yule mchezaji wa blaindi 5 kwa migao 100. Matokeo kwenye meza za watu sita huyumba sana. Mtawanyiko, yaani kipimo cha jinsi matokeo yanavyopishana na wastani, wa blaindi 90 kwa kila migao 100 ni wa kawaida. Ukipiga hesabu, baada ya migao 10,000 mchezaji huyo ana karibu asilimia 29 ya kuwa bado kwenye hasara. Mchezaji mzuri, anayeshinda, saa zaidi ya 300 kwenye meza halisi, na bado karibu watu watatu kati ya kumi wa aina yake wako chini. Baada ya migao 100,000 bado wamebaki kama wanne kati ya mia.

Anayeijua namba hii hamaki zake hupungua zenyewe, kwa sababu haoni tena kila wiki mbaya kama dhuluma. Inamlazimisha pia kuwa na mtaji wa kutosha. Ushauri wa kawaida kwa meza za pesa ni kuwa na mitaji ya kuingilia mezani 20 hadi 30, na mtaji mmoja kwa kawaida ni blaindi 100. Mtu aliyeleta mezani pesa yote aliyonayo hawezi kutulizwa na zoezi lolote la kupumua. Hofu yake ni ya haki, na dawa yake ni kushuka meza.

Hatua ya 2: Kijue kisirani chako

Kila mtu ana mlango wake wa kuingilia. Kuna anayechemka akiliwa kwa bahati, na huyu ndiye anayesemwa zaidi. Kuna asiyejali bahati kabisa lakini akikosea mwenyewe anajichapa kwa saa nzima, na huku akijichapa anakosea tena. Kuna anayekerwa na mtu: yule anayecheka akila, anayechelewesha makusudi, anayemfundisha mwenzake kucheza baada ya kumla. Huyu huanza kucheza dhidi ya kiti kimoja na kuwasahau wengine wote mezani.

Halafu kuna tilti ya ushindi, ambayo watu hawaihesabu kwa kuwa haiumi. Umekula poti tatu mfululizo, unajiona huwezi kukosea, unaanza kucheza karata ovyo kwa kuwa "hizi ni pesa zao". Richard Thaler na Eric Johnson waliliandika hili mwaka 1990: watu waliotangulia kupata huthubutu zaidi na walichopata, na waliotangulia kupoteza huvutwa hasa na dau linaloahidi kuwarudisha sifuri. Kwenye meza ya pesa tilti ya ushindi ina ubaya wa ziada, kwamba kanuni za kawaida hazikuruhusu kutoa sehemu ya chipu ukaendelea kucheza. Ukijaa kichwa ukiwa na chipu nyingi mbele yako, namna ya kuzilinda ni kuinuka nazo zote.

Kazi yako hapa ni kupata dalili zako za mwanzo, zile za kabla ya mlipuko. Chukua karatasi ujibu kwa vikao kadhaa: mwili ulifanya nini kwanza? Wengine hubana meno, wengine huhisi joto masikioni, wengine mguu huanza kutikisika chini ya meza. Vidole je? Mtu aliyeanza kuchemka mara nyingi huweka chipu haraka kuliko kawaida yake, au huzishika kabla zamu yake haijafika.

Sikiliza pia lugha ya kichwani. Mawazo ya mtu aliyetulia ni ya masharti: "akiwa na hiki atafanya hivi, akiwa na kile atafanya vile." Mawazo ya aliyechemka ni ya hukumu: "lazima ananidanganya", "hawezi kunionea mimi", "sasa ni zamu yangu". Neno "lazima" likitokea kichwani mwako mezani, lichukue kama kengele. Neno "kukomboa" ni kengele kubwa zaidi.

Hatua ya 3: Andika sheria ukiwa baridi

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Ushauri wa "usiwe na hisia" siupendi, kwa sababu hakuna aliyewahi kuufuata. Hasira itakuja. Unachoweza kuamua mapema ni hasira hiyo itakuwa na mamlaka gani, na uamuzi huo hufanywa kabla ya kukaa, ukiwa huna cha kukomboa.

Andika kwa mkono, mistari michache, na karatasi uwe nayo mfukoni au kando ya kompyuta. Kikomo cha hasara: kwa watu wengi mitaji miwili au mitatu ya kuingilia inatosha. Kikifika unaondoka hata kama meza imejaa wachezaji dhaifu, kwa kuwa aliyepoteza mitaji mitatu si mtu wa kuaminiwa anaposema meza ni nzuri. Saa ya kuondoka iandike pia, ushinde ushindwe, maana uchovu na hasira husaidiana. Sheria ya baada ya poti kubwa iwe ya kitendo kinachoonekana. Usiandike "nitatulia". Andika "nikiliwa poti ya zaidi ya blaindi 80, nainuka mzunguko mmoja." Hakuna kuhamia meza ya juu siku ambayo umeliwa, kwa sababu yoyote ile.

Na pombe? Ukiwa unachezea pesa inayokuuma, usinywe. Sina la kuongeza.

Wanaocheza mtandaoni wana silaha ambazo wa meza halisi hawana, na ni ajabu jinsi wachache wanavyozitumia. Zima kujaza chipu kiotomatiki, ili kila mtaji mpya uuingize kwa kubonyeza mwenyewe. Funga soga. Ficha salio la akaunti kama programu inaruhusu. Weka kikomo cha kuingiza pesa kwa siku na kwa wiki. Majukwaa mengi yenye leseni hukuruhusu kukipunguza papo hapo lakini kukipandisha hukusubirisha. Kusubirishwa huko ndiko unakokuhitaji, kwa kuwa saa sita usiku mtu anayetaka kukomboa huwa na haraka kuliko hoja.

Hatua ya 4: Sekunde kumi mezani

Umeliwa. Karata ya mwisho imeanguka vibaya na mpinzani anavuta chipu. Mwili tayari umemwaga adrenalini. Moyo unakwenda mbio na hutaweza kuuamuru usimame. Unachoweza kugusa moja kwa moja ni pumzi. Vuta kwa hesabu ya nne, toa taratibu kwa hesabu ya sita, mara tano au sita. Kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuvuta hupunguza mapigo ya moyo, na hakuna mezani atakayejua unafanya nini. Shusha mabega, na chipu ziache.

Usizungumze juu ya mgao uliopita. Usimwulize alikuwa anafikiria nini kulipa dau lile. Kwanza hatakujibu kweli. Pili, mchezaji anayelipa madau mabaya ndiye anayekulipa wewe kwa mwaka mzima, na ukimwaibisha ataacha au atahama meza.

Kisha karata mpya zinagawiwa, na hapa ndipo watu wengi huangukia. Mgao unaofuata una hatari kwa sababu unataka kuwa ndani yake. Unaona J na 9 na unaziona nzuri. Jiulize swali moja tu: kama ningekuwa nimekaa sasa hivi, chipu hizi ndizo nilizoingia nazo, ningecheza karata hizi kwenye kiti hiki? Usijiulize zaidi ya hapo, kwa kuwa kichwa chenye hasira ni hodari wa kutengeneza hoja. Swali fupi hukiachia nafasi ndogo ya kujidanganya.

Jibu likichelewa kuja, inuka. Kukosa mzunguko mmoja kwenye meza ya pesa hakukugharimu zaidi ya blaindi moja na nusu, yaani blaindi ndogo na kubwa, na mara nyingine hakukugharimu hata hiyo. Linganisha na zile 12 za dau moja lililolipwa kwa hasira. Nenda ukanawe uso, simama, tembea. Simu iache mfukoni. Kumwandikia rafiki hadithi ya jinsi ulivyoliwa ni kuicheza poti ile ile mara ya pili.

Kwenye mashindano hesabu hubadilika, kwa kuwa blaindi zako zinakatwa uwepo usiwepo, na zinapanda kila baada ya muda. Hapo badala ya kuinuka, punguza. Kwa mzunguko mmoja cheza karata kali tu, zile ambazo hata mtu aliyelala angezicheza, na uamuzi wowote wa chipu zote upe pumzi tatu kamili kwanza. Chipu chache zilizobaki bado zina thamani. Hasira ndiyo inayokuambia umekwisha.

Ukicheza mtandaoni meza nne na moja imekuumiza, usizifunge zote kwa kishindo wala usibaki nazo zote. Bonyeza kusubiri mgao unaofuata kwenye mbili, maliza mbili zilizobaki kwa utulivu, halafu pima. Na tumia muda wa ziada uliopewa kufikiri kwenye kila uamuzi mkubwa, hata kama jibu unalijua, maana kasi ndiyo inayobeba hasira kutoka meza moja hadi nyingine.

Hatua ya 5: Kuinuka na hasara

Hili ndilo gumu, na ugumu wake una sababu. Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha tangu 1979 kwamba hasara huuma kuliko faida ya kiasi hicho hicho inavyofurahisha. Mwaka 1992 walikadiria uzito wake kuwa zaidi ya mara mbili. Kuondoka ukiwa umepoteza mitaji miwili kunahisi kama kutia saini hasara, na kubaki kunahisi kama bado haijatokea. Kwa kweli pesa ile ilishaondoka poti ilipovutwa. Kikao cha leo hakina ukuta unaokitenga na cha kesho: ni migao ile ile inaendelea, kwa hiyo kufika sifuri kabla ya kulala hakuna maana yoyote ya kihesabu.

Saidia mwili uondoke kabla ya kichwa kukubali. Panga usafiri wenye saa maalumu, au mtu wa kukupigia simu. Mtandaoni, kikomo kikifika, tumia kitufe cha kujifungia kwa saa 24. Usitegemee kwamba utafunga programu na hutaifungua tena kitandani.

Hatua ya 6: Kesho yake

Usichambue chochote usiku ule. Ukishalala, chukua migao mitatu iliyokuuma, iandike hadi pale ulipotakiwa kuamua, na ukate hapo, bila karata ya mwisho na bila matokeo. Amua upya, au mpe mchezaji mwenzako unayemheshimu aamue bila kujua kilichotokea. Zipo programu za kukokotoa uwezekano zitakazokupa asilimia. Kisha gawa kwa alama mbili: "niliamua sawa" na "niliamua vibaya". Iliyoamuliwa sawa ikaliwa haina kazi tena kwako, ifute. Iliyoamuliwa vibaya ndiyo ya kujifunzia, hata kama ulikula poti.

Ongeza safu moja ya tatu: "dakika ngapi baada ya kuudhika?" Baada ya vikao kadhaa utaona muundo wako. Mtu mwingine makosa yake yote yamo ndani ya robo saa ya kwanza, na huyo anahitaji mapumziko mafupi tu. Mwingine makosa yanaanza saa moja baadaye, taratibu, akiwa ameshajiambia kwamba ametulia. Huyu kumwambia apumue ni kupoteza muda wake. Anahitaji kwenda nyumbani.

Ikiwa si tilti tena

Kuna mpaka ambao mbinu hizi hazivuki. Gamblers Anonymous, kikundi kilichoanza Los Angeles mwaka 1957, kina maswali 20 ya kujipima. Moja linauliza kama baada ya kupoteza ulihisi lazima urudi haraka iwezekanavyo kukomboa. Jingine linauliza kama umewahi kukopa ili ucheze. Kwa kipimo chao, wengi wenye tatizo hujibu ndiyo kwa angalau maswali saba. Ukijikuta unaficha hasara, unacheza pesa ya kodi ya nyumba, au huwezi kuikamilisha wiki bila kucheza, weka mwongozo huu kando. Jifungie kwenye majukwaa kwa muda mrefu, mpe mtu unayemwamini usimamizi wa pesa, na zungumza na mshauri wa uraibu.

Kurudi mezani

Kama ulikuwa na wiki mbaya ya hasira lakini huko hujafika, rudi kwenye meza iliyo ngazi moja chini. Lengo la vikao vya kwanza liwe ni kutovunja karatasi yako: kuinuka kwa saa iliyoandikwa, kukosa mzunguko pale ulipoahidi, kutolipa dau kwa sababu ya sura ya mtu. Usihesabu chipu hadi mwisho. Ukimaliza vikao vitatu mfululizo bila kuvunja sheria hata moja, rudi kwenye ngazi yako ya kawaida, hata kama vyote vitatu uliliwa.